Emil wa Mnyororo na Ile ya Leon

Shemeji yangu Emil Sabol alizaliwa kwenye foleni ya mkate. Mama yake alikuwa wa nne kutoka mbele, uchungu ukamshika, akamzaa palepale, akamviringisha kwenye aproni na wala hakupoteza nafasi yake. Mkate aliupata, tena wa moto. Wabishi wapo, lakini wote walikuwa hawajazaliwa, na mimi nilikuwa na miaka minane, nimemshikia mfuko.

Nasema haya mjue ni mtu wa namna gani. Ni mtu wa kusimama na kusubiri. Miaka tisa alisimama kwenye kiwanda cha chuma hapa Bracken Ferry, akivuta vyuma vyekundu vya moto kwa koleo, mpaka kiwanda kilipofungwa na mto ukaanza kuonekana una maji. Halafu akasimama kwenye chumba cha boila cha shule, chini kule ambako hata panya wanavaa sweta, mpaka akastaafu. Alimwoa mdogo wangu Irena, na Irena alipougua akasimama kando ya kitanda miezi kumi na minne. Baada ya mazishi nilimwambia, "Shemeji, kaa basi." Akakaa dakika mbili, akaamka kwenda kuzima taa ya jikoni.

Na kila mechi ya nyumbani ya timu ya shule, kwa miaka arobaini na miwili, mvua au theluji, alisimama pembeni mwa uwanja akishika mnyororo.

Mnyororo ndio mahakama ya mpira wetu huu wa kushika mikononi. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na ikishindwa inanyang'anywa mpira. Mnyororo una urefu wa hizo yadi kumi, na mti kila mwisho. Lakini huwezi kuubeba kutoka pembeni hadi katikati ya uwanja kwa kukisia, ndiyo maana kuna kibanio, kipande cha chuma kidogo kuliko kijiko, kinachobanwa kwenye mnyororo pale unapokatiza mstari mmoja wa chokaa. Refa akiita kipimo, mwenye kibanio anakiweka juu ya mstari uleule, wenzake wanavuta, na mti wa mbele unasema kama mpira umefika au haujafika. Kibanio kikikosea, kila kitu kimekosea, na hakuna mwingine atakayejua isipokuwa aliyekishika.

Aliyekishika ni Emil.

Sasa nije kwa Leon Drobnak. Leon alikuwa mlinzi wa timu, namba hamsini na nne, na alipokuwa na miaka kumi na saba alikuwa mkubwa kiasi kwamba makasisi walimbatiza mara mbili, upande mmoja kwanza, halafu mwingine. Akimgonga mtu, mtu anaondoka, viatu vinabaki. Nimeviona kwa macho yangu, vimesimama uwanjani kama vinasubiri basi.

Mwaka uleule kiwanda kilipofungwa, Jumamosi ya Novemba, mvua inanyesha mchana kutwa, tulicheza fainali na Millcross. Tunaongoza kwa pointi tatu, dakika imebaki moja, wao wana mpira karibu kabisa na goli letu. Jaribio la nne, wanahitaji yadi moja tu. Wakampa mpira dume lao, Leon akakutana nalo. Wakaanguka wote wawili, na juu yao wengine kumi na tano. Refa akaita kipimo. Mnyororo ukaja, ukavutwa. Mpira ulikuwa umepungua kidole kimoja.

Tukashinda. Wiki iliyofuata wanaume elfu moja na mia mbili wakakabidhi funguo za makabati yao kiwandani. Kwa hiyo mnaelewa. Mji huu haujapata kitu kingine tangu siku ile. Wenyewe hata hatuiiti jina, tunaiita Ile tu. "Ulikuwepo siku ya Ile?" Na kila mtu alikuwepo, hata waliokuwa gerezani.

Nikiri hapa kwamba Ile nimeinenepesha mimi. Mwaka wa kwanza ilikuwa kidole. Mimi nikasema nusu ya kidole. Baada ya Krismasi ikawa ukucha. Mwaka wa kumi nilikuwa nasimulia kwamba refa aling'oa unywele wa mkewe akapimia, na watoto wa darasa la nne wakaandika hivyo kwenye insha wakapewa alama nzuri. Mimi niliacha shule nina miaka kumi na minne kwenda kukunja mashuka ya hospitali, kwa hiyo nilifurahi kidogo kuona nimeingia darasani.

Jezi ya Leon ikawekwa kwenye kabati la kioo mlangoni mwa shule. Namba hamsini na nne haikuvaliwa tena. Leon mwenyewe akaenda kubadilisha matairi miaka thelathini, goti moja likafa, la pili linafuata. Kila asubuhi wanakunywa kahawa kwenye kaunta ya mgahawa wa mama Dottie, yeye na Emil, kiti kwa kiti, na kila asubuhi kuna mtu anampiga Leon begani: "Kidole kimoja, eh? Kidole kimoja!" Leon anatabasamu kama mtu anayelipishwa nauli.

Ndipo akaja huyu Roman Yancey.

Roman ni mlinzi wa mwaka huu. Mama yake anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, na hata yeye mwenyewe hajui alimlisha nini. Anafika kwa mwenye mpira kabla mpira haujafika. Nimemwona akimkaba mtu, akamsaidia kuinuka, akamfunga kamba za kiatu, akamkaba tena, yote katika mchezo mmoja. Basi mji ukagawanyika. Kwa kinyozi ni Roman na Leon. Kanisani, kwenye mlango wa kutokea, ni Roman na Leon. Kwenye kaunta, Leon mwenyewe kakaa pale anakunywa kahawa, watu wanabishana juu ya kichwa chake.

"Roman ana mbio."

"Mbio za kwenda wapi? Leon alikuwa hakimbii, watu walikuwa wanamjia wenyewe."

"Leon alicheza enzi ambazo wachezaji wanavuta sigara wakati wa mapumziko!"

"Na bado walikuwa wanaume. Hawa wa sasa wakiumia ukucha wanapigwa picha."

"Roman kashaangusha watu mia moja na arobaini msimu huu, mzee. Hesabu."

"Sawa, mia na arobaini. Ile yake iko wapi? Nionyeshe Ile ya Roman."

Hapo mabishano yanakufa. Kila siku yanafia hapohapo.

Kocha Wendell Pruitt akaomba kijana avae hamsini na nne katika mechi ya mwisho ya msimu. Jambo likaletwa kwenye kifungua kinywa cha wapenzi wa timu, Jumamosi, ukumbi wa zimamoto. Wapiga kura watatu. Kocha, ambaye ni ndiyo. Gus Hanratty, mwenyekiti, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa kocha wa siku ya Ile, ambaye ni hapana mpaka kiama. Na wa tatu Emil, kwa sababu hakuna mwingine aliyewaona wote wawili kutoka hatua tatu. Na masharti yao ni kwamba kila mpiga kura asimame mbele ya watu aseme sababu.

Alhamisi alikuja jikoni kwangu. Tulikuwa tunafinya pierogi, sambusa za kuchemsha za viazi, za mauzo ya kanisa, yeye anakata duara kwa glasi, mimi natia viazi na kufinya. Alikata kama kumi na mbili hivi, na nyingine zilikuwa na umbo la figo.

"Shemeji, unaniharibia unga," nikamwambia.

"Kibanio kilichomoka."

"Kibanio kipi?"

"Cha siku ile."

Nikadhani ananitania. Nikasema, "Na mimi nilikuwa kwenye mpira, nimejificha ndani."

"Luda. Nisikilize." Haniiti jina, mara zote ni shemeji. Nikaacha kufinya. "Refa alipotuita nilikimbia, nikateleza kwenye tope. Kibanio kikachomoka. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, watu elfu tano wananipigia kelele, nikakibana pale nilipodhani. Baada ya mechi nakunja mnyororo, naona ulivyojaa tope wote, ila sehemu moja safi, inang'aa, pale kilipokuwa kimebanwa mwanzo. Nikahesabu. Pete nne kutoka pale nilipokirudisha."

"Pete nne ni nini?"

Akafungua kiganja chake chenye unga akaniwekea mezani. Kiganja kizima. "Mti wa mbele ulikwenda mbele kiasi hiki. Mpira ulikuwa umefika, shemeji. Umefika na ukapita."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikosa cha kuongezea.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Na Irena?"

"Irena alikuwa anajua kuna kitu. Alidhani ni mwanamke." Akacheka kidogo, ila macho yamechoka, yamekaa kama soksi zilizolegea. "Nikisema hapana, namnyima kijana kwa kitu ambacho hakikuwepo. Nikisema ndiyo, Gus atasimama aniulize Ile yake iko wapi, na mimi nitamjibu nini? Na Leon atakuwa pale. Kila asubuhi nakaa naye, kila asubuhi wanampiga begani, na mimi nakoroga kahawa. Nimechoka kukoroga kahawa."

Nikampa ushauri wangu, na ulikuwa mzuri. Nikamwambia asimame, aseme ndiyo, akohoe, aanguke chini kama amezimia, mimi nitapiga yowe. Shughuli itaisha.

"Nitamwambia Leon kwanza," akasema. "Kesho asubuhi, kaunta."

Ijumaa asubuhi hakumwambia. Mama Dottie alinieleza kwamba Emil alikoroga kahawa mpaka ikapoa, halafu akalipa akaondoka, na kahawa haikuwa na sukari.

Jumamosi nilipanda gari lake. Ukumbi ulijaa, harufu ya soseji na chapati za maji zilizomwagiwa asali ya miti. Leon alikuwa meza ya mbele, mguu kaunyoosha. Roman yuko pembeni na mama yake, aliyetoka zamu moja kwa moja na sare yake ya bluu, anasinzia kakaa wima.

Kocha akasema yake. Gus akasema yake, dakika ishirini, na ndani ya hizo ishirini Ile ilitajwa mara tisa, na unywele wa mke wa refa mara moja. Niliangalia sahani yangu.

"Haya, Emil," Gus akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa na mnyororo. Waambie hawa vijana walivyo na bahati."

Emil akasimama. Anajua kusimama, lakini siku hiyo alishika kiti.

"Leon," akasema, "ilinibidi nikwambie jana. Nilishindwa." Halafu akalieleza lote, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Kuteleza. Tope. Kibanio. Sehemu iliyong'aa. Pete nne. Akainua kiganja wakione hata wa nyuma.

Nikasikia soseji zikikaangika jikoni.

Halafu Gus akaanza kucheka. "Mama Luda! Mama Luda, hii ni yako! Umemfundisha mzee wa watu!"

Ukumbi mzima ukapasuka. Watu wanapiga meza. "Pete nne! Mwaka jana ilikuwa unywele!" "Emil, na ile foleni ya mkate utusimulie!" Mzee mmoja alicheka mpaka meno yakaingia kwenye kikombe cha kahawa, na hili si chumvi, waulizeni.

Nikasimama. "Ni kweli!" nikasema. "Naapa kwa kaburi la mdogo wangu Irena!"

Wakazidi. Maana kaburi hilohilo niliapia mwezi wa nane kuhusu kambare aliyemeza baiskeli.

Jamani, nimesema uongo katika mji huu kwa miaka sitini na nimekula vizuri. Siku hiyo ndiyo nilijua uzito wake. Mtu amebeba neno miaka thelathini na tisa, amelitua mbele ya watu, na hawalioni kwa sababu mimi nimekaa hapo.

Leon hakucheka. Alikuwa anamwangalia Emil tu. Alijifuta vidole kimoja kimoja, akachukua koti, akaegemea meza mpaka goti likamkubali, akatoka. Mlango ule wa zimamoto ni mzito, ulichukua muda kufunga.

Wenye macho wakaacha kucheka. Kocha Wendell akasema polepole, "Emil, kura yako?"

"Ndiyo."

"Sababu tuandike nini?"

"Andikeni nilivyosema."

"Tutaandika amechoka," Gus akasema, lakini na yeye sauti ilikuwa imepungua.

Roman aliinua uma. "Mimi sikuomba namba ya mtu," akasema.

"Kula, Roman," mama yake akasema, amefumba macho.

Emil alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamfuata, maana funguo za gari anazo yeye, na kwangu ni maili mbili za kupanda mlima.

Leon alikuwa kwenye gari lake kuukuu, injini inanguruma, haendi popote. Emil akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akaingia bila kuulizwa. Nikabaki nje kwenye upepo. Nikahesabu mpaka thelathini kwa ajili ya heshima, halafu nikafungua mlango wa nyuma nikaingia katikati ya matairi mawili na sanduku la spana. Hakuna aliyenigeukia.

Leon akapunguza hita ili asikike.

"Miaka thelathini na tisa, kaka," Leon akasema.

"Ndiyo."

"Hili goti kila asubuhi nalishika, naliambia tulia, unauma kwa sababu ya Ile. Linatulia. Sasa kesho nitaliambia nini?"

Mimi nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri, nikayameza.

"Ungekaa kimya," Leon akasema. "Si ulikuwa umezoea?"

"Nilikuwa nimezoea."

"Basi ungemaliza."

"Sikuweza, Leon. Nimechoka."

"Na mimi unadhani nimelala?" Leon akapiga usukani kwa kiganja, si kwa nguvu. "Wananipiga begani. Mke alipoondoka walinipiga begani. Siku namzika baba, kaburini, mtu ananiambia kidole kimoja. Kana kwamba sijawahi kufanya kingine. Na hicho chenyewe hakikuwa."

Emil akaangalia mbele, kwenye kioo kilichojaa ukungu. Halafu akasema, "Mechi hiyohiyo ya Millcross. Robo ya kwanza. Unaikumbuka?"

"Hakuna anayeikumbuka."

"Mimi naikumbuka, nilikuwa hatua tatu. Yule mwekundu wa nywele, namba ishirini na mbili, alikata kushoto. Wewe ulikuwa umeshapigwa chini, uko chali. Ukageuka, ukatambaa kwa goti, ukamdaka kisigino kwa mkono mmoja. Mbele yake hakukuwa na mtu hadi golini. Hakuna aliyepiga makofi, nusu ya watu walikuwa kwenye soseji."

Leon akashusha mkono kwenye goti.

"Ilikuwa ya kweli ile. Haikuhitaji mnyororo. Roman amefanya hiyohiyo wiki mbili zilizopita, kisigino hichohicho, nikashtuka nikadhani ni wewe. Ndiyo maana nimesema ndiyo. Si kwa sababu ya kibanio."

"Kisigino," Leon akasema.

"Cha kulia. Na kabla ya hapo, mechi ya Harlow, ulimsukuma jamaa akaniangukia mimi, mti ukavunjika. Ulirudi kuniuliza kama nimeumia, kocha akakutukana kwa kurudi. Na ile ya barafu, mwaka wako wa pili, ulipokaba watatu mfululizo na helmeti imepasuka..."

"Haikuwa ishirini na mbili," Leon akasema.

"Nini?"

"Yule mwekundu. Alikuwa thelathini na mbili."

"Ishirini na mbili, Leon, mimi nilikuwa pale."

"Na mimi nilikuwa nimemshika mguu, kaka! Thelathini na mbili."

"Haya. Thelathini na mbili."

Emil akarudi kwenye ile ya barafu. Watu walianza kutoka ukumbini, wakipita kando ya gari, wakichungulia na kuondoa macho haraka. Gus alipita na kofia yake mkononi. Leon alipandisha kioo ingawa kilikuwa kimeshapanda. Hakusema amesamehe, wala Emil hakumuuliza. Miguu yangu ilikuwa imeganda, spana imenichoma ubavuni, na nyumbani nilikuwa nimeacha unga umeumuka.

"Jamani," nikasema, "kama mnaendelea, mnishushe kwanza..."

"Nyamaza, mama Luda," Leon akasema bila kugeuka. "Bado hajamaliza mwaka wangu wa pili."